Mwendo Ni Mtamu, Tusidanganyane

Ukishapita kilomita 160 kwa saa, upepo hubadilika tabia. Chini ya hapo ni upepo tu: unakupiga kifuani, unauzoea, unaendelea na safari. Juu ya hapo unakuwa kitu kigumu chenye mikono. Unatafuta upenyo chini ya helmeti ili ukiinue kichwa, unavuta mabega, na ukithubutu kuketi wima unahisi vidole vinaanza kuteleza kwenye usukani. Basi unalala juu ya tangi, kidevu kinagusa chuma, viwiko ndani, magoti yamebana. Hapo kelele inapungua ghafla. Nyasi, nguzo na watu wa kando vinageuka rangi moja inayotiririka, na macho yanabaki na kazi moja ya kutazama mbali. Hakuna deni, hakuna kodi ya nyumba, hakuna mteja anayedai pikipiki yake tangu Jumanne. Kuna lami, na kuna pale unapoiona lami ikikoma.

Naanza na utamu makusudi, kwa sababu nimechoshwa na mahubiri ya barabarani yanayoanza na maiti. Vijana wa bodaboda wanaokuja kwenye gereji yangu hapa Nakuru wameyasikia yote: kwa polisi, kwa pasta, redioni, matangani. "Mwendo unaua." Wanaitikia kwa heshima, wanawasha, wanaondoka kwa mwendo uleule. Wameshajua kwamba anayewahubiria hajawahi kuonja, au alionja na anawaficha. Na "haraka haraka haina baraka" wameisoma nyuma ya matatu iliyowapita kwenye kona. Mtu akikuficha utamu wa kitu, uchungu wake akikueleza hutamwamini.

Mimi nimeonja na bado naonja. Gereji yangu iko kando ya barabara ya kwenda Njoro, na mkate wangu unatoka kwa Boxer na TVS: cheni zilizolegea, klachi zilizoungua, kabureta zilizojaa vumbi la Kaptembwo. Nilijifunza kuendesha kwa Boxer ya mtu. Baadaye nikapata pikipiki yangu kubwa, ya injini ya cc 600, iliyokuja Kenya ikiwa imeshatumika na ikaangushwa na mwenyewe wa kwanza kabla hajamaliza kuilipia. Plastiki za ubavu zilikuwa zimepasuka na lita moja ya mafuta ya breki haikutosha kuisafisha mifereji yake. Niliijenga upya usiku, baada ya kazi. Gia ya pili peke yake inatosha kuvunja sheria ya mwendo popote nchini, na gia ziko sita. Hilo nalisema ili msomaji ajue sina utetezi mbele ya hakimu.

Huku kwetu juu kuna hata hasara zake za kuchekesha. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Pikipiki inayojisifu Mombasa ikifika Timboroa inakohoa. Wenzangu wakijigamba na nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye kitabu, huwa nawakumbusha kwamba farasi kadhaa walibaki Mtito Andei.

Jumapili tunatoka watu wachache. Mwalimu wa sekondari, muuza vipuri, mimi, wakati mmoja daktari wa mifugo, na mbele yetu mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye hatumwiti jina, tunamwita Mzee basi. Njia yetu ni ya Baringo: Kampi ya Moto, Mogotio, mashamba ya mkonge, kibao cha ikweta, kisha mteremko hadi Marigat ambako joto linakupokea kabla hujavua helmeti. Kutoka hapo unapanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, unashuka Bonde la Kerio, unapanda tena Tambach hadi Iten. Aliyechora barabara hiyo hakujua kwamba anawachorea wendawazimu. Kona zinafuatana, moja inakukabidhi kwa nyingine, na upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni hewa.

Kona ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba hakujua kuendesha. Kwa mwendo wa bodaboda mjini unageuza usukani upande unaotaka kwenda. Kwa mwendo mkubwa mambo yanapinduka: ukitaka pikipiki iingie kushoto, unausukuma mbele mkono wa kushoto, kana kwamba unaelekeza gurudumu kulia, nayo inalala kushoto na kuingia. Kila mtu hufanya hivyo bila kujua. Tatizo huja siku ya hofu, kona ikiwa imekaza kuliko ulivyodhani, mwili unapokuambia geuza, kata mafuta, kanyaga breki, vyote kwa pamoja. Ukikata mafuta ghafla ukiwa umelala konani, uzito wote unarukia gurudumu la mbele, ambalo tayari lina kazi ya kukugeuza. Mzee alinifundisha kwa maneno machache: punguza kabla ya kona, ukishaingia usibadilishe nia. Jambo hilo nililisikia mara nyingi kabla ya mwili kulikubali.

Jioni kazi zikiisha tunatazama mbio kwenye simu, mimi na vijana wa stendi. Wanachopenda zaidi ni TT, yaani Tourist Trophy, mbio za pikipiki za Isle of Man, kile kisiwa kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland. Mbio hizo zilianza mwaka 1907, na njia ya mlimani wanayoitumia hadi leo ilianza kutumika 1911. Si uwanja. Ni barabara za kawaida za watu, zenye kuta za mawe, nguzo za taa, milango ya nyumba na daraja la Ballaugh ambalo pikipiki huliruka magurudumu yote mawili yakiwa hewani. Mzunguko mmoja ni kilomita 60.7, una kona zaidi ya 200, na unapanda ubavu wa mlima Snaefell. Mwaka 2023 Peter Hickman aliuzunguka kwa dakika 16 na sekunde 36, wastani wa kilomita 219 kwa saa. Wastani, pamoja na kona na vijiji. Ni sawasawa na kutoka Nakuru karibu ufike Naivasha, na kwa dakika hizo matatu ya Naivasha hapa stendi haijajaza viti vya nyuma.

Kijana mmoja aliuliza, "Fundi, sasa hawa wanaogopa nini?"

Nikamjibu kwamba wanaogopa kila kitu, ndiyo maana wanafika. Katika njia ile wamekufa washindani zaidi ya 260 tangu 1911, ukihesabu mazoezi na mbio za Manx Grand Prix zinazofanyika hapohapo. Mwaka 2022 TT ilichukua watu sita. Hakuna anayevaa ngozi asubuhi bila kujua hesabu hiyo. Giacomo Agostini, bingwa wa dunia mara 15, alikataa kurudi baada ya rafiki yake Gilberto Parlotti kufa pale mwaka 1972, na wakubwa wengine wakamfuata, hadi baada ya mwaka 1976 mbio hizo zikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Waliobaki walibaki kwa hiari.

Lakini kilichonishughulisha mimi kama fundi si vifo. Ni maandalizi. Barabara inafungwa kwa sheria. Anayeivuka wakati wa mbio ana kesi. Waendeshaji wanaachiliwa mmojammoja, kila baada ya sekunde kumi, hawaanzi kwa kundi. Mgeni wa mwaka wa kwanza hapewi tu namba na kuachwa: anazungushwa, anavalishwa kizibao cha kumtambulisha, anasindikizwa na mwenyeji, na kabla ya hapo ameshakaa miezi akitazama video hadi anaijua kona kwa alama ya ukuta. Boliti muhimu zinafungwa waya zisijifungue kwa mtikisiko. Tairi zinavalishwa blanketi za umeme zipate moto kabla ya kuanza, kwa sababu mpira baridi haushiki. Kuna watu wa bendera njia nzima, kuna madaktari kwenye helikopta. Na baada ya yote hayo, bado watu wanakufa.

Anayeingia Ballaugh anajua jambo moja ambalo mimi Mogotio silijui. Anajua hakuna mbuzi.

Mbuzi wa Baringo wana desturi zao. Mmoja akivuka, si kwamba njia imekuwa wazi; ametangulia tu. Punda ni kinyume, atasimama katikati ya lami na kukutazama kana kwamba wewe ndiye umepotea. Na nyuma ya mbuzi kuna mtoto, na mtoto hukimbia akimtazama mbuzi, hakutazami wewe. Baada ya Mogotio kuna sehemu zilizonyooka ambapo lami inakuita kwa jina. Asubuhi moja, nikiwa wa pili nyuma ya Mzee, kundi lilitoka kwenye vichaka upande wa kulia. Mzee alipita. Mimi nilimwona beberu mweupe katikati ya barabara na sikuona kingine chochote duniani. Mikono ilikuwa imeganda na pikipiki ikamfuata yule beberu kwa uaminifu kabisa, kwa sababu pikipiki huenda mahali macho yanapotazama. Sijui ni nini kilichonifanya niyang'oe macho na kuyapeleka kwenye upenyo wa kushoto. Nilipita na harufu yake.

Mzee alikuwa amesimama mbele, chini ya mgunga, anakunywa maji.

"Ulimtazama," akasema.

"Nilimtazama, Mzee."

"Mbuzi ukimtazama, ni wako. Tazama nafasi."

Sikuwahi kusikia mafunzo ya udereva yaliyokaa vizuri kuliko hayo, na nimelipia shule kadhaa.

Hesabu nilizifanya mwenyewe baadaye, kwa chaki ukutani gereji, na bado ziko pale kwa sababu wateja huziuliza. Ukiwa kilomita 100 kwa saa unatembea mita 28 kila sekunde. Ukiwa 200 ni mita 56. Toa sekunde moja ya kushtuka na kuamua, ambayo kwa mtu aliyelala vizuri ni ya kawaida, na tayari umekula nusu ya uwanja wa mpira kabla kidole hakijagusa breki. Kisha breki zenyewe. Watu wanadhani mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama nao unazidi mara mbili. Hapana, unazidi mara nne. Kwa breki nzuri na lami kavu, pikipiki inayohitaji kama mita 55 kusimama kutoka 100 itataka 220 kutoka 200. Jumlisha zile za kushtuka. Umeona mbuzi akiwa mita 150? Huna habari, lakini mmeshakutana.

Hizo ni hesabu za kitu kilichosimama. Za kitu kinachokuja kwako ni nyingine, na nilizielewa kwa njia ambayo nisingemtakia mtu.

Yule daktari wa mifugo ndiye aliyekuwa bora kati yetu. Si mwenye haraka zaidi, bora. Ukimfuata kwenye kona za Tambach ungedhani amechorewa mstari ambao wengine hawauoni. Hakufa Tambach. Alikufa siku ya kazi, kwenye barabara kuu ya Eldoret, kwenye mlima ule wa kuelekea Sachangwan, akiwa na buti za kazini na begi la dawa za ng'ombe mgongoni. Lori lililokuwa likiteremka liliamua kulipita jingine lililokuwa likiteremka, na kwenye kona likamkuta yeye upande wake, mahali pake. Dereva wa matatu aliyekuwa nyuma yake alituambia hakuwa anakimbia. Kama 80, labda 90, mwendo wa watu wote. Redio ilisema mwendeshaji wa pikipiki ya mwendo kasi amefariki, kwa kuwa waliiona pikipiki yenyewe.

Nilirudi ukutani na chaki. Wewe 90, lori 90: mnakaribiana kwa mita 50 kila sekunde. Ni sawa na wewe kuwa 180 na lori limesimama. Yaani mwendo unaokuua barabarani, nusu yake hukuuchagua wewe. Umechaguliwa na mtu usiyemjua, aliyekesha kutoka Malaba, ambaye labda anateremka bila gia ili kubana dizeli. Unaweza kupunguza nusu yako hadi sifuri na bado nusu ya pili ikakufikia. Pale makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilitoka barabarani likawapitia wachuuzi, abiria na bodaboda waliokuwa kando. Walikufa zaidi ya watu 50. Wengi walikuwa wamesimama.

Hapo ndipo nikaelewa wanachonunua wale wa Isle of Man wanapofunga barabara. Hatari haiondoki, wanaondoa ile nusu ya mgeni. Inayobaki ni yao: ukuta haujaja kwao, wao ndio wanaoufuata. Ukitaka kujua tofauti, angalia Mike Hailwood. Bingwa wa dunia mara tisa, mshindi wa TT mara 14, alikaa miaka 11 bila kukimbia pale na akarudi mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 38, akashinda. Kuta zote zile zikamshindwa. Machi 1981 alikuwa kwenye gari lake Uingereza, ametoka na watoto wake wawili kununua chipsi na samaki kwa chakula cha jioni, lori likakata barabara kuu mbele yake kupitia mwanya ambao halikuruhusiwa kugeukia. Ajali hiyo ilimuua yeye na binti yake wa miaka tisa. Nilipowasimulia vijana hilo, kwa mara ya kwanza walinyamaza, kwa sababu lori linalogeuka pasipostahili wanalijua kwa namba zake za usajili.

Kwenye mazishi ya daktari, mzungumzaji baada ya mzungumzaji alisema ajali haina kinga. Nilikaa nimeinamisha kichwa nisionekane nikikunja uso. Naiheshimu methali, naelewa kazi yake ya kumfariji mjane. Lakini nimeshazoa helmeti nyingi mno kutoka barabarani kuikubali kama ilivyo. Helmeti nzuri ni kinga. Haitakusaidia na trela uso kwa uso, ila ajali nyingi za pikipiki si trela uso kwa uso. Ni kuteleza kwenye dizeli iliyomwagika pale Salgaa, ni mlango wa gari uliofunguliwa mjini, ni shimo lililojaa maji. Hizo unaweza kuinuka nazo ukiwa na kichwa. Ninachokiona kila siku ni kofia ya plastiki nyepesi isiyo na povu la maana ndani, imening'inizwa kwenye kiwiko, na mkanda wake ulishakatika ukafungwa kwa uzi. Mwendeshaji anaivaa akimwona polisi. Helmeti ikishapigwa mara moja kazi yake imekwisha, hata kama rangi haijachubuka, kwa kuwa lile povu la ndani likishasinyaa halirudi. Nikimwambia mtu hivyo anadhani nataka kumuuzia nyingine. Siuzi helmeti.

Mama watoto hakuniambia niuze pikipiki. Siku kadhaa baada ya mazishi alisubiri nimalize kula, akauliza, "Na wewe utaacha lini?" Akauliza kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi.

Sikuwa na jibu la heshima. Nilimsimulia habari za Gary Hocking, kijana aliyekulia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, bingwa wa dunia wa mwaka 1961. Mwaka uliofuata, kwenye TT, rafiki yake Tom Phillis alikufa. Hocking akashinda mbio kubwa za wiki ileile, akaiambia timu yake inatosha, akarudi nyumbani Afrika. Desemba ya mwaka huohuo alikufa Durban akifanya mazoezi ya mbio za magari. Mama watoto aliniangalia akasema, "Kwa hiyo hakuacha. Alibadilisha chombo." Sikuwa nimeisikia hadithi ile hivyo.

Kisha kuna akina Dunlop wa Ireland Kaskazini, ambao nashindwa kuwaamua. Joey Dunlop alikuwa na baa yake Ballymoney, alipakia gari vyakula na nguo na kuvipeleka mwenyewe kwa mayatima wa Romania na Bosnia, na alishinda TT mara 26. Tatu kati ya hizo alizishinda mwaka 2000 akiwa na miaka 48. Mwezi uliofuata alikufa kwenye mbio za barabarani Tallinn, Estonia, mvua, miti kando. Ndugu yake Robert alikufa mwaka 2008 kwenye mazoezi ya North West 200, mbio za barabarani za kwao, na siku mbili baadaye mwanawe Michael akapanda pikipiki kwenye mbio zilezile na kushinda. William, ndugu ya Michael, naye akafa mwaka 2018. Mwaka 2024 Michael akaivunja rekodi ya ushindi wa TT ya Joey, baba yake mkubwa. Wapo wanaosema huo ni ujasiri, wapo wanaosema ni maradhi. Mimi nimekaa nikitazama uso wa Michael akisubiri zamu yake kuachiliwa, na sikuona furaha wala huzuni. Niliona mtu ambaye kwa sekunde kumi zijazo hana deni na mtu yeyote. Uso huo naujua.

Sikuacha. Niliacha barabara kuu. Sikimbii tena upande wa Eldoret wala wa Naivasha, hata lami ikiwa tupu, kwa sababu utupu wa barabara ile ni wa kuazima. Huko naenda na watu wote, mkono wa kushoto, na nikiona lori mbili zinakuja zikiwa karibu karibu najua ya nyuma ina mawazo. Mvua ikianza nasimama. Matone ya kwanza ni mabaya kuliko mvua yenyewe, yanainua mafuta yote yaliyolala kwenye lami tangu kiangazi. Baringo tunatoka alfajiri na mapema, na mbuzi wakishafunguliwa tunageuka kuwa watalii: tunanunua asali Marigat, tunarudi polepole. Utamu umebaki kwenye kona za kupanda, ambako mwendo hauhitaji kuwa mkubwa ili moyo upande shingoni. Wengine walituona tumezeeka. Muuza vipuri aliondoka, sasa anakimbia na kundi jingine.

Kazi kubwa zaidi imekuwa na vijana wa stendi, na imekuwa juu ya kitu kidogo: breki ya mbele. Wengi wao hawaigusi kabisa. Kila mmoja ana binamu aliyeigusa akaruka juu ya usukani, kwa hiyo wanakanyaga ya nyuma peke yake, gurudumu linajifunga, pikipiki inapepesuka, wanaingia chini ya probox. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, na nguvu nyingi ya kusimama iko pale mbele wanapopaogopa. Binamu hakukosea kuigusa, alikosea kuinyakua. Tunatafuta uwanja mtupu, nawaambia wakamue kama wanavyokamua ng'ombe, kidole kwa kidole hadi maziwa yatoke. Wa kwanza aliyesimama kwa nusu ya umbali wake wa kawaida alishuka akaitazama Boxer yake kwa mashaka, kana kwamba alikuwa ameuziwa ya mtu mwingine. Somo hilo silitozi. Ninachotoza ni waya wa breki, kwa maana karibu zote nilizozikuta zilikuwa zimelegezwa makusudi.

Hivi karibuni alikuja kijana mgeni kwenye kundi letu la Jumapili, na pikipiki ya cc 1,000 inayong'aa. Mzee hakuitazama injini. Alichuchumaa nyuma, akapitisha kidole gumba kwenye tairi, akasoma zile tarakimu nne zilizopigwa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Meno ya tairi yalikuwa bado marefu, lakini mpira ulikuwa umekauka kwenye bohari ya mtu, mgumu, unang'aa.

"Kijana, karibu chai," Mzee akamwambia. "Ukimaliza, rudi nyumbani polepole. Kabarnet utaiona Jumapili nyingine."

Hakunywa chai. Aliondoka gurudumu la mbele likiwa hewani, na sisi tukaenda zetu.

Jumatatu nilimkuta mlangoni kabla sijafungua gereji. Hakunisalimia vizuri. Aliuliza bei ya tairi la nyuma, nikamtajia, akasema nimemwona mgeni. Nikamwambia atembee mji mzima, akipata la chini ya hapo lenye tarakimu za mwaka huu nitamfungia bure. Alirudi saa nane mchana, akaanza tena kubishana bei, safari hii ya mawili.